Ugonjwa wa Majipu katika Samaki wa Mitoni

Jioni hii twapenda kunena habari za maradhi yanayowashika samaki wa mitoni, wale wasiofugwa na mtu, wanaojitafutia chakula wenyewe. Labda mtu atauliza, "Je, samaki naye huugua?" Naam, huugua kama ng'ombe auguavyo, na kama tuuguavyo sisi. Tofauti ni hii: ng'ombe akiugua mchungaji humwona, akamtenga na wenziwe, akamwita bwana mifugo. Bali samaki huugua chini ya maji, na aghalabu hatuna habari zake mpaka tumwone anaelea amekwisha kufa.

Magonjwa ya samaki ni mengi, na baadhi yake huletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo bakteria, ambavyo havionekani ila kwa hadubini. Katika hayo tumechagua mmoja tu, ugonjwa wa majipu, unaowashika samoni na trauti. Samoni ni samaki wa nchi za baridi. Huzaliwa mtoni, huenda baharini akakua, kisha hurudi kutaga mayai katika mto ule ule aliozaliwa. Trauti ni wa jamii moja naye, apendaye maji ya baridi yaendayo kasi.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1894 na wataalamu wawili, Emmerich na Weibel, waliouona katika mahali pa kuangulia trauti huko Bavaria, Ujerumani. Kijidudu chake chaitwa Aeromonas salmonicida, na neno hilo la pili maana yake ni muuaji wa samoni. Kwanza ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa mabwawa ya kufugia tu. Baadaye ikathibitika kwamba huwashika hata samaki walio huru mitoni.

Kijidudu kikiisha kuingia mwilini huenea kwa njia ya damu. Ikiwa samaki ni mkubwa na ugonjwa waenda polepole, nyama yake huvimba mahali mahali. Uvimbe hujaa majimaji yenye damu, hupasuka, na vijidudu vikamwagika majini vikatafuta samaki mwingine. Bali ugonjwa ukienda kwa kasi, samaki hufa kwa siku chache bila kuota jipu hata moja. Basi mtu atafutaye majipu peke yake atadanganyika. Majira ya hatari ni yale ya joto, mto upunguapo, samaki wakasongamana katika vidimbwi vilivyobaki, na hewa ndani ya maji ikawa haba. Hapo mwili wa samaki hudhoofika, na adui hupata nafasi.

Lakini jambo kubwa kupita yote hayo ni hili. Wako samaki wenye vijidudu hivyo mwilini ambao hawaugui kamwe. Ngozi yao yang'aa, wanakula, wanaogelea kwa nguvu. Ukiwatazama utasema ni wazima. Waswahili tuna methali, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Methali hiyo ni kweli kapuni, maana pale pua yatuonya mapema. Mtoni mambo ni kinyume: awezaye kuwaangamiza wenziwe ni yule asiyenuka.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa hasara. Ilikuwa desturi kuchukua trauti wachanga kutoka mahali pa kuangulia na kuwatia mitoni, ili samaki wazidi kuwa wengi. Nia ilikuwa njema. Lakini mwenye kubeba samaki hubeba na kila kitu kilichomo ndani ya samaki. Ugonjwa ulipozidi kuonekana katika mito yao, mwaka 1929 iliwekwa Kamati ya kuuchungua, nayo ikatoa taarifa yake ya mwisho mwaka 1935. Mwaka 1937 Bunge likapitisha Sheria ya Magonjwa ya Samaki. Sheria hiyo ilikataza kuingiza nchini samaki hai wa jamii ya samoni. Kwa mayai na kwa samaki wengine hai wa maji baridi ilitaka ruhusa maalumu. Tena iliwezesha mto ulioambukizwa kutangazwa, ili samaki hai wasitolewe humo kupelekwa kwingine.

Sheria hiyo haikutaja dawa ya kutia mtoni, maana haikuwapo, wala leo haipo. Nani atawakamata samaki wote wa mto mzima awadunge sindano mmoja mmoja? Na dawa imwagwayo katika maji yaendayo, kesho imefika baharini. Kwa hiyo ulinzi wa mto husimama mlangoni, kabla adui hajaingia.

Mlango ukiachwa wazi huwaje? Tutazame Norway. Mwaka 1985 ugonjwa uliingia huko pamoja na samoni wachanga walionunuliwa Uskochi kwa ajili ya kufugwa. Ulienea katika vizimba vya baharini. Samaki wengine wakatoroka, wakapanda mitoni pamoja na wale wa asili. Kufikia mwisho wa mwaka 1992 ulikuwa umeonekana katika mashamba 550 ya samaki na katika mito 74. Baadaye wafugaji walipata chanjo nzuri, na maafa yakapungua sana mashambani. Lakini samaki wa kufugwa hushikika akachanjwa. Samaki wa mtoni hana wa kumchanja.

Je, habari hizi zatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki? Zatuhusu. Trauti waliomo katika mito ya milima ya Kenya si wenyeji wa huko. Mwaka 1905 mayai yao yaliletwa kutoka Uskochi, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Yaliletwa mayai kwa sababu husafirika kwa urahisi kuliko samaki hai. Lakini kuna faida nyingine pia, kwamba yai laweza kuoshwa kwa dawa nje, kama ile yenye iodini, na samaki hai hawezi kuoshwa tumboni. Na tangu siku zile watu wamezidi kuhamisha samaki wa kila namna, sato na kambare na wengineo, kutoka ziwa hata ziwa na bwawa hata bwawa. Kila safari ya namna hiyo yataka macho.

Basi twapenda kuwaachia mambo manne. Kwanza, usichukue samaki hai katika maji haya ukamtia katika maji yale kwa kuwa tu waona ni mzima. Uliza kwanza kwa afisa wa uvuvi. Pili, nyavu, ndoo na viatu vilivyotumika penye ugonjwa vioshwe na kuanikwa juani hata vikauke kabisa kabla ya kupelekwa mto mwingine. Tatu, samaki waliokufa wasirudishwe majini, wala matumbo yao. Wafukiwe mbali na kingo. Wala wasiliwe, maana hatujui wamekufa kwa nini.

Nne, tujifunze kutazama kabla ya kutoa hukumu. Samaki wa kila aina wakifa kwa ghafula, wakubwa kwa wadogo, tudhani kwanza maji yamekosa hewa au yametiwa sumu. Katika Ziwa Victoria maji ya chini yasiyo na hewa yamepata kupanda juu yakaua sangara wengi, wala haikuwa tauni. Bali wakifa wa aina moja tu, kidogo kidogo, siku baada ya siku, hapo tushuku ugonjwa. Hesabu wafu, andika siku na mahali, upeleke habari upesi.

Mto hauna mlango wa mbao wala kufuli. Mlango wake ni mikono ya watu waendao kwake na ndoo. Tukiizuia mikono hiyo kwa maarifa, watoto wetu watakuta samaki. Tusipoizuia, hakuna mganga atakayewarudisha.