Anguko Lililo Katika Besi

Msikilizaji, wapo wanaodhani kwamba kinachopigwa kwenye kinanda kabla ya waumini kuimba ni pambo tu, la kuwapa watu muda wa kufungua vitabu. Dhana hiyo inavunjwa na kipande cha Johann Sebastian Bach cha dakika 2 hivi, Durch Adams Fall ist ganz verderbt. Kimo katika Orgelbüchlein, kitabu alichokiandika kwa sehemu kubwa alipokuwa akitumika Weimar, kati ya 1708 na 1717. Maneno ya wimbo wenyewe ni ya Lazarus Spengler, karani wa baraza la mji wa Nürnberg, na yalichapishwa 1524. Yanafundisha kwamba kwa anguko la Adamu, asili yote ya binadamu imeharibika.

Bach hakuupamba wimbo huo, aliufasiri. Sauti ya kwanza inaimba tuni karibu kama waumini walivyoizoea, huku sauti za kati zikijinyonganyonga kwa nusu toni. Ajabu iko katika besi, inayopigwa kwa miguu: inaruka kwenda chini, inanyamaza, inaruka tena chini, mara nyingi kwa umbali unaokwaruza sikio. Angeweza kumwangusha Adamu mara moja, akaendelea na mengine. Badala yake anguko linarudiwa mwanzo hadi mwisho, tena katika sauti ambayo nyingine zote huiegemea. Ndilo fundisho la Spengler: kilichooza si tawi, ni mzizi.

Atakuwepo wa kusema tunamtilia Bach maneno mdomoni. Hakuacha maelezo ya kipande hiki, na ukurasa wa mbele wa kitabu unasema kinamfunza mpiga kinanda anayeanza, pamoja na kuizoeza miguu. Ni kweli, na kwa sababu hiyo siapi kwamba zile sauti za kati ni nyoka, kama baadhi wanavyoeleza. Lakini katika kitabu hichohicho, wimbo wa Krismasi kuhusu jeshi la malaika waliotoka mbinguni umejaa skeli zinazopanda na kushuka mbio. Miguu inafanya mazoezi kotekote. Mwendo wake ndio unaobadilika, nao unafuata maneno.

Pingamizi zito zaidi ni hili: asiyeyajua maneno ataambulia nini? Ataambulia mkwaruzo, nakubali. Ila Bach aliwapigia watu ambao tuni peke yake iliwakumbusha ubeti. Nao walisikiliza: huko Arnstadt, alikopiga kinanda kabla ya Weimar, mwaka 1706 wakuu wa kanisa walimkemea kwa kuchanganya noti ngeni zilizowavuruga waumini, na pambo lisilosikilizwa halimvurugi mtu. Wimbo huohuo wa Spengler unahubiri pia wokovu katika Kristo, na juu ya besi inayoporomoka tuni haikatiki hata mara moja. Kwa hiyo anayetupigia kipande hiki na atusomee kwanza maneno ya wimbo. Bila hayo, tunasikia anguko tu, na lile lililobaki limesimama linatupita.