Kiingereza cha Kusimulia Kwetu

Haya ni maneno yaliyosemwa na karani wa chama kimoja cha ushirika wa pamba, wilaya ya Shinyanga, mbele ya wazee, walimu na watu wa vijiji waliokusanyika shuleni.



Nimeombwa niseme juu ya kujizoeza Kiingereza. Labda walionialika walidhani kwamba nitakuja na orodha ya maneno na kanuni za sarufi. Sikuja nazo. Kanuni hizo zimo vitabuni, na walimu walioketi hapa mbele wazijua kuliko mimi. Nimekuja kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kisha niwaeleze dawa tuliyoijaribu kijijini kwetu.

Miaka sita iliyopita walifika kwetu wageni wawili, mtu na mkewe, watu wa Ulaya, wakitoka Mwanza. Walikuwa wamekwisha kupita Bujora, kwenye nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, wakaziona ngoma za watemi, na sasa walitaka kuona jinsi watu wa kijiji wanavyokaa. Nikaitwa mimi, kwa sababu yasemwa kwamba Kiingereza nakijua. Na kweli nalikisoma miaka mingi katika shule ya misheni, kisha chuoni, na vyeti vyangu vimo kabatini. Nikawapeleka kwa mzee mmoja ajuaye miti na mizizi, ambaye watu hutoka mbali kumletea watoto wenye homa na wake wasiopata mimba. Kwa lugha yetu mzee huyo ni nfumu.

Mgeni akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Ndugu zangu, katika miaka yote ile ya kusoma sikuwa nimepata kulisema jambo hilo kwa Kiingereza hata siku moja. Nalifundishwa kuandika barua ya kuomba kazi. Nalifundishwa kueleza ajali ya motokaa, na kuisifu theluji ambayo sijaiona mpaka leo. Lakini nfumu ni nani, hilo sikuulizwa na mwalimu yeyote. Basi nikalishika neno la kwanza lililonijia, ambalo nalilikuta zamani katika kitabu cha hadithi, nikasema "witch doctor". Neno hilo nusu yake ni tabibu, na nusu yake ni mchawi. Mgeni akaliandika katika daftari lake, nami nikaendelea na safari nikijiona mtu wa maana sana.

Baada ya miezi kadha wale wageni walitoa habari za matembezi yao, pamoja na picha ya mzee na neno lile chini yake. Mjukuu wa mzee, msichana wa sekondari, akaisoma, akamfasiria babu yake nusu ile ya pili kama ilivyo.

Ninyi mliozaliwa huku hamna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Katika nchi hii ya Shinyanga na Geita wameuawa wazee, wengi wao akina mama, kwa kuitwa wachawi tu. Wengine kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule waletwa na moshi wa jikoni. Mzee alikuja ofisini kwangu akiegemea fimbo yake. Hakunigombeza. Akaniuliza, "Mwanangu, ulinitaja kwa jina gani mbele ya wale wageni?"

Nikawaandikia wageni barua. Walinijibu kwa adabu, wakabadili neno, wakatia jingine lenye maana ya mponyaji. Walakini nakala zilizokwisha kupigwa chapa hazikurudi. Mzee alinisamehe, au angalau aliniambia hivyo.

Tangu siku ile nalianza kufikiri. Wengi wetu hudhani kwamba mtu hushindwa kusema Kiingereza kwa kukosa maneno. Mimi maneno nalikuwa nayo. Nilichokosa ni mazoezi ya kuyatumia kwa mambo yangu mwenyewe: nyumba yetu, chakula chetu, ngoma zetu na njia tunazopita. Tangu mwaka 1967 watoto wa shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, wakifika sekondari hukutana na Kiingereza katika kila somo. Mtoto hujitahidi kujibu mtihani, nami simlaumu wala simlaumu mwalimu wake. Lakini yeye aweza kumaliza miaka minne akijua kueleza kwa Kiingereza jinsi jani la mti linavyotengeneza chakula, asiweze kumwambia mgeni namna mama yake anavyotengeneza michembe.

Tena jambo la kusimulia nchi kwa lugha ya mgeni si dogo, wala halikuanza jana. Mwezi wa Julai mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini kupita katika nchi ya Wasukuma. Hakujua Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alikuwa na mtu wake aitwaye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa Bara Hindi. Bombay alijua Kihindustani, na Speke alikijua kwa kuwa alikuwa askari huko. Basi neno la mtu wa huku lilitoka kinywani mwake, likageuzwa, likafika kwa Bombay, Bombay akaligeuza kuwa Kihindustani, Speke akaliandika kwa Kiingereza. Fikirini neno lililopita milango mingi hivyo lilifika na hali gani! Tarehe 3 Agosti alisimama juu ya kilima akaliona ziwa letu wazi, akalipa jina la malkia wake Victoria. Sisi twaliita Nyanza, na mababu zetu waliliita hivyo kabla yake. Lakini aliyeandika ndiye aliyesikiwa mbali.

Sasa sikilizeni habari nyingine, nayo ni ya hapa hapa petu. Mwaka 1931 Bunge la Uingereza lilifanya baraza la kuchunguza kama inafaa nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Walipelekwa London Waafrika watatu kutoka Tanganyika ili waulizwe. Mmoja alikuwa Mtemi Makwaia wa Usiha, yaani mtu wa Shinyanga hii. Wa pili Francis Lwamugira wa Bukoba. Na wa tatu Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, aliyesoma Kiungani, Unguja. Walisafiri kwa meli kwenda kusema mambo ya kwao: ardhi, utawala, na hofu za watu wao. Hawakuukubali muungano ule. Na baraza lile lilipotoa shauri lake, lilisema kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika.

Mimi, kwa kuwa ni karani, humtazama sana huyo Kayamba. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili, kikatoka mwaka 1932, kuwaeleza watu wa huku jinsi Uingereza ilivyo. Kisha, katika kitabu alichokihariri Bibi Margery Perham mwaka 1936, Kayamba aliandika kwa Kiingereza habari za maisha yake mwenyewe na za kabila lake la Wabondei. Mwaona alivyofanya? Mambo ya Waingereza aliwapa Waswahili kwa Kiswahili, na mambo ya Wabondei akawapa Waingereza kwa Kiingereza. Sisi katika shule zetu twafanya kinyume: mambo ya Waingereza twayasema kwa Kiingereza, kisha twashangaa kwa nini hapana anayetusikiliza.

Basi, dawa yenyewe. Kila Alhamisi jioni, ghala la pamba likiwa limefungwa, tunakutana barazani pale, watu kumi au kumi na watano. Mtu mmoja hupewa zamu ya kusimulia jambo moja la kwetu au safari moja aliyoifanya. Mwingine hufanywa mgeni, naye ni lazima aulize kama mtu asiyejua lolote. Hiyo kazi ya mgeni ndiyo ngumu, kwa kuwa mtu hawezi upesi kujifanya hajui ugali. Msimulizi akikwama husema kwa Kiswahili au Kisukuma, na baraza zima hutafuta njia. Kucheka makosa ni marufuku. (Kicheko cha furaha hatujaweza kukizuia, wala hatujajaribu sana.)

Jioni ya kwanza mama mmoja alisimulia michembe. Alisema kwa Kiingereza kwamba twakata viazi vitamu, twaviweka juani, twavila wakati wa njaa. Ikaonekana imekwisha. Lakini mgeni akauliza: Unakata kwa nini? Kwa ukubwa gani? Siku ngapi juani? Mvua ikija? Kwa nini matobolwa huchemshwa kwanza na michembe haichemshwi? Mama yule alisema karibu saa nzima. Yeye aliacha shule darasa la saba, na jioni ile alisema Kiingereza kingi kuliko mimi nilichosema katika mwaka mzima wa chuo, kwa sababu kila swali alilijua jibu lake, akabaki kutafuta maneno tu.

Kijana mmoja aliyechimba dhahabu kwa mikono huko Nyarugusu, wilaya ya Geita, alitusafirisha pamoja na jiwe tangu duarani mpaka kwenye karasha, mpaka kwenye maji. Alipofika pale akasema kwa Kiingereza kwamba "tunaliosha jiwe mpaka likiri". Mgeni akauliza, "Likiri nini?" Tukacheka sana. Lakini alipokuwa akitafuta maneno ya kueleza zebaki, namna wanavyoikamua kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na vyungu vya chakula, akapunguza mwendo, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Kumbe nikilisema polepole ni jambo baya." Sumu ya zebaki huharibu mishipa ya fahamu, na moshi wake ndio mbaya zaidi. Alikuwa ameisikia habari hiyo kabla, bali hakuwa amepata kuisema kwa kinywa chake.

Mwingine alituhadithia safari ya Geita kwa njia ya Mwanza, na jinsi watu walivyokuwa wakingoja kivuko pale Kigongo, hata mgonjwa aliye garini akangoja, mpaka lilipofunguliwa daraja la kwenda Busisi mwaka 2025, urefu wake kama kilometa 3. Habari hiyo yafaa sana kwa kujifunza nyakati za kitendo, kwa maana ina zamani yake na ina sasa yake. Kadhalika habari ya almasi ya rangi ya waridi iliyookotwa Mwadui mwaka 1947, karati 54 na nusu, ambayo Daktari Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa.

Mzee mmoja wa ukoo wa watemi alinipinga, na neno lake lilikuwa na haki. Alisema, "Kwa nini sisi ndio tuhangaike? Mgeni na ajifunze Kisukuma." Nikamjibu kwa habari ya ngitili. Wote mwaijua: ni malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ipone, ng'ombe wapate kula kiangazi. Misitu yetu ilipokuwa imekwisha kwa kufyekwa, mara kwa sababu ya mbung'o, mara kwa mashamba ya pamba na kuni, serikali ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, na ngitili zikarudishwa katika mamia ya maelfu ya hekta. Wataalamu wa nchi nyingi walikuja kutazama. Walipotaka kuandika, hawakuona neno la Kiingereza lililotosha, wakaandika "ngitili" vile vile. Kwa hiyo mgeni hujifunza, mzee wangu, lakini alijifunza neno hilo kwa kuwa walikuwapo watu wa kumweleza maana yake mpaka akaelewa. Kama wangalimtupia neno la haraka, kama nilivyofanya mimi, leo ngitili ingaliitwa shamba la nyasi.

Nawaomba walimu neno moja. Mwanafunzi akisema jambo la kwao kwa Kiingereza kibovu, mwacheni afike mwisho, ndipo msahihishe. Na wazazi, wapeni watoto yale ya kusimulia. Yako mengine yasiyofaa kutolewa nje, siri za ukoo na za wagonjwa, na mtoto afundishwe pia kusema kwa adabu, "Hilo hatulisemi." Wala asimtungie mgeni uongo wa kumfurahisha. Nimewasikia vijana wakimwambia mtalii kwamba wacheza nyoka wa Bayeye hawaumwi kamwe. Wanaumwa, nao wana dawa zao, na habari ya kweli ni nzuri kuliko ile.

Yule nfumu bado yu hai. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kwamba amesikia habari za baraza yetu, na kwamba Alhamisi ijayo zamu ni yake. Atasema kwa Kisukuma kazi yake ni nini na si nini. Mjukuu wake, aliyemaliza sekondari sasa, ndiye atakayefasiri. Mimi nimeagizwa niketi nyuma, nisitie neno.