Simu, Sanduku na Funguo Tatu

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkubwa wa wanachama)



Mlituomba tuseme juu ya simu, kwa sababu kesho mnapiga kura: makuta ya shirika yabaki ndani ya sanduku ao yaingie ndani ya simu? Tuanzie mbali kidogo.

Tarehe 3 mwezi wa 4 mwaka 1973, kule New York, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani akamwita mshindani wake kwa simu ya mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo moja hivi. Miaka 10 ilipita ndipo simu ya namna ile ikaanza kuuzwa, karibu dola 4.000. Hapa kwetu, wakati ingali Zaïre, Telecel ilileta simu za mkononi Kinshasa katika miaka ya 1980. Zilikuwa za wakubwa na matajiri. Mkulima wa Fizi hakuziona hata kwa macho.

Kisha vita. Wengi wetu tulivuka ziwa, tukafika Lugufu na Nyarugusu. Tukiwa kule, Celtel ikaingia Kongo mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002. Habari za nyumbani, zilizokuwa zinakuja kwa barua ya msafiri, zikaanza kuja kwa sauti. Mnakumbuka vile tulipanda kilima kutafuta rezo, tunabipu ndugu, halafu tunangojea? Wengine ndiyo siku ile walijua mama yuko mzima. Wengine walijua kaburi liko wapi.

Na tusisahau: ndani ya simu nyingi muko tantali, inayotoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa Kivu kwetu. Biashara ile ililisha pia wenye bunduki waliotukimbiza.

Mwaka 2007 Kenya ilianza M-Pesa. Mwaka 2012 ikafika Kongo. Leo mtoto anayefanya kazi Uvira anatuma franka, zinafika nyumbani mbele maji hayajachemka.

Lakini tuseme ukweli. Mwaka jana mama mmoja wetu, mjane asiyejua kusoma, alimpa kijana namba yake ya siri amsaidie kutoa makuta. Akiba ya mavuno ilienda yote. Kosa ni letu pia: tulifundisha kutuma, hatukufundisha kuficha.

Sanduku letu liko na funguo tatu, kwa watu watatu. Simu iko na mlango mmoja tu. Basi shauri letu ni hili: makuta mengi yalale ndani ya sanduku, simu ibebe yale ya kusafiri tu. Mmoja ashike simu, mwingine ashike namba ya siri, wa tatu aandike kila ujumbe ndani ya daftari, mbele ya watu.

Wafadhili wetu, hatuombi simu mpya. Tunaomba siku za kufundisha.