Pedali ikiwa laini, gari isitoke kwenye parsele

Mazungumzo na wanamemba wenye magari na mashofere, Bukavu



Katibu aliniomba niseme juu ya matengenezo ya magari, na miye nimechagua jambo moja tu: pedali ya freni ambayo, kisha mtu kutengeneza gari yake mwenyewe nyumbani, inakuwa laini chini ya mguu kama eponji. Najua wengi munatengeneza nyumbani. Garaji inaomba feza, na magari mengi hapa yalinunuliwa na likelemba ya watu wengi. Sitawaambia muache. Wengine wenu mulijifunza ufundi Kigoma ao Bujumbura wakati wa ukimbizi, na munaujua vizuri.

Kwanza tusikilizane juu ya maneno. Waliorudi kutoka Tanzania wanasema breki na kutoa upepo. Siye tuliobaki hapa tunasema freni na kutosha hewa. Ni kitu kimoja. Nimeona fundi na msaidizi wake wakigombana kwa neno hilo tu, msaidizi akidhani upepo wanaotaka kuutoa ni ule wa mipira ya gari.

Sasa tuingie. Mafuta ya freni hayabanwi. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inapita ndani ya mafuta mpaka kwenye magurudumu. Lakini hewa inabanwa. Kiputo kikibaki ndani ya tiyo, mguu wako unabana hewa kwanza, na freni inapata kile kinachobaki. Njo ule ulaini.

Lakini usikimbilie kutosha hewa. Jiulize: nilifungua nini? Kama ulibadilisha plakete tu, bila kufungua tiyo wala bulo ya mafuta, hewa haikuwa na pa kuingilia. Kilichotokea ni kwamba ulirudisha pistoni nyuma ili plakete mpya zipate nafasi, na sasa pedali inakwenda chini bila kushika kitu. Kanyaga mara nyingi, gari ikiwa imesimama, mpaka ikaze. Fanya hivyo mbele ya kugusa vitesi. Munajua jinsi mji wetu ulivyo. Mtu wa Kadutu ao wa Panzi anatosha gari kwenye parsele, na mita ya kwanza tayari ni mteremko. Hapo hakuna nafasi ya kugundua kwamba pistoni hazijafika. Ikiwa umekanyaga mara kumi na tano na bado ni laini, fungua gurudumu tena, utazame kama plakete imekaa wima mahali pake. Ikiwa imelala upande, itapinda kila unapokanyaga, na mguu utasikia kama hewa.

Msikilize mguu. Pedali inayoyumba kama eponji ni hewa. Pedali inayokwenda chini mara ya kwanza, kisha inapanda ukiipiga mara mbili tatu, inaweza kuwa hewa pia, lakini kwa magari yenye tambure nyuma mara nyingi ni ganitire zilizokaa mbali na tambure, zinaomba kurekebishwa. Na ile inayokuwa ngumu kwanza, kisha inashuka polepole chini ya mguu uliotulia, ile ni mbaya kuliko zote: mafuta yanavuja nje, ao pompa kubwa ya freni imechoka ndani. Hiyo usiitengeneze kwa kutosha hewa, hata ukishinda siku nzima. Ukiwasha motere na pedali ikashuka kidogo mara moja tu, usiogope, ni kazi ya servo.

Kutosha hewa kunaomba watu wawili. Tafuteni mahali pa sawa, muweke mawe kwenye magurudumu, na mtu asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Matofali pia hapana, yanapasuka. Wekeni magogo ya mbao. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upande mmoja kwenye kivisi cha gurudumu, upande mwingine ndani ya chupa yenye mafuta mapya kidogo, ncha izame. Mmoja anakanyaga polepole, anashikilia, anasema kwa sauti: "Nimekanyaga!" Mwingine anafungua kivisi robo ya mzunguko, anatazama viputo, anafunga. Halafu anasema: "Achilia!" Ule wa juu akiachilia mbele kivisi hakijafungwa, hewa inarudi ndani na kazi ni bure. Kila mara kidogo tazameni kopo la mafuta huku juu. Likikauka, munaanza upya.

Kwa gari ya zamani, wekeni kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mpaka sakafuni. Ndani ya pompa kubwa kuna sehemu ambayo pistoni haifikagi siku zote, yenye kutu na uchafu, na kupiga pedali mpaka chini kunaweza kukata mpira wa ndani. Hapo ulitaka kutosha hewa, na sasa unanunua pompa.

Munaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pompa. Vitabu vingi vya Kifaransa vinasema nyuma, kuume. Ni kweli kwa gari yenye volani kushoto. Lakini magari yetu mengi yametoka Japani na volani iko kuume, na pompa iko upande huo huo. Kwa hiyo anzeni nyuma, kushoto. Kama kitabu cha gari yenyewe kinaonyesha mpango mwingine, fuateni kitabu. Na kama gari iko na ABS, na hewa imeingia mpaka ndani ya kile kisanduku chake, hapo nyumbani pamefika mwisho: inaomba mashini ya garaji.

Neno juu ya mafuta. Kuna wanaoongeza mafuta ya motere, na kuna wanaoongeza maji ya sabuni. Mafuta ya motere yanavimbisha mipira yote ya freni. Maji yanaleta kutu na yanachemka upesi. Hata mafuta mazuri yananyonya maji ya hewani: DOT 3 mpya haichemki mbele ya digrii 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake ni digrii 140 tu. DOT 4 ni 230, kisha 155. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana usiitumie, na yale uliyotosha kwenye chupa usiyarudishe.

Kwa nini nasumbua na digrii? Kwa sababu ya Ngomo. Bukavu iko mita 1.500 hivi juu ya bahari, Uvira iko kwenye Tanganika, mita 773, na kati ya Nyangezi na Kamanyola barabara inashuka kwenye ukuta wa mlima. Shofere anayeweka mguu kwenye freni tangu juu anachemsha mafuta. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali iliyokuwa laini kidogo Nyawera, pale inakwenda mpaka chini. Shukeni na vitesi vya chini, motere ishike gari.

Shofere mmoja aliniambia: "Ya kwangu naizoea, naipiga mara mbili inapanda." Miye sikubali. Mara mbili ni nafasi ambayo mtoto anayevuka Feu Rouge hana.

Gari ya chama, ile wafadhili walitusaidia kupata, inabeba wanaorudi na vyombo vyao kutoka Kamanyola. Naomba kamati ikubali hivi: kila mara freni zimeguswa, watu wawili wakanyage pedali, motere imezimwa kisha imewashwa, gari ijaribiwe polepole mahali pa sawa, na wote wawili watie sinyatire kwenye kaye ya gari. Shofere akikataa kutoka kwa sababu pedali ni laini, asikatwe feza ya siku ile.

Mpira mwembamba, ufunguo wa 8 na wa 10, na vipande vya mbao viko kwenye ofisi. Memba anaweza kuviazima Jumamosi asubuhi, akiandikwa jina. Mafuta kila mtu anajinunulia.