Kifaa kimoja, vidole tofauti



Tumezoea kusema kwamba hospitali ya haki ni ile inayowahudumia watu wote sawasawa. Kauli hiyo ni njema, lakini haitoshi.

Chukueni mfano wa kile kifaa kidogo anachobanwa mgonjwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu. Kifaa hupitisha mwanga, kisha hukadiria oksijeni kwa kadiri mwanga ulivyonyonywa. Tatizo ni kwamba rangi ya ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga.

Mwaka 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kifaa hicho na vipimo vya damu yenyewe. Pale kiliposoma asilimia 92 hadi 96, yaani hali si ya kutisha sana, damu ilionyesha chini ya 88 katika vipimo kama 12 kwa kila 100 vya wagonjwa weusi. Kwa weupe vilikuwa kama 4. Na huo ulikuwa mwaka wa korona, ambapo namba hiyo ilisaidia kuamua nani alazwe na nani arudi nyumbani.

Hapakuhitajika muuguzi mbaguzi. Wote walibanwa kifaa kile kile. Ubaguzi usio na mbaguzi haumwaibishi mtu, ndiyo maana hudumu. Watafiti wa California walikwisha kuonya tangu mwaka 2005. Hata hivyo, ni Januari 2025 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotoa rasimu ya kuwataka watengenezaji wavijaribu vifaa hivyo kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwetu Afrika Mashariki, muuguzi mweusi humpima mgonjwa mweusi, lakini kufanana kwao hakusahihishi kifaa. Tusikitupe, maana kinaokoa maisha. Ila wanaonunua vifaa vya hospitali waulize: kilijaribiwa kwa ngozi kama zetu? Na muuguzi asiishie kwenye namba. Ahesabu pumzi, atazame ulimi na midomo, na mgonjwa akisema anakosa hewa, asikilizwe.

Haki katika tiba si kumpa kila mtu kipimo kimoja. Ni kuhakikisha kipimo hicho kinamwambia kila mtu ukweli.