Ilimba Haipimwi kwa Kinanda



Mwaka 1968, huko Vienna, Austria, mwanamuziki Nikolaus Harnoncourt na kikundi chake cha Concentus Musicus walirekodi L'Orfeo, mchezo unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, aina ile ambayo Wazungu huiita opera. Mtunzi wake, Claudio Monteverdi, aliuonyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1607 katika mji wa Mantua, Italia. Kikundi hicho hakikutumia vyombo vya kisasa. Fidla zao zilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama, na tarumbeta zao hazikuwa na vali. Hoja yao ilikuwa nyepesi: muziki ule ulitungiwa vyombo vile, na ukibadili chombo umebadili muziki.

Mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi tulioko Dodoma? Yanatuhusu sana. Hapa Ugogoni vyombo vya kale havihitaji kutolewa makumbusho ili vifufuliwe. Zeze lipo, ilimba ipo, ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama zipo, na wanaozipiga wapo. Tamasha la muziki wa Wagogo lililoanzishwa Chamwino mwaka 2009 limewaonyesha wengi utajiri huo. Tatizo letu ni namna tunavyourekodi.

Chukua ilimba. Juu ya tundu la kisanduku chake, fundi hubandika utando wa buibui. Mpigaji akibonyeza ulimi wa chuma, utando ule hutetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki. Katika ilimba kubwa zipo pia ndimi ambazo hakuna kidole kinachozigusa. Hizo hulia zenyewe, zikiitikia wenzake. Sasa ipeleke ilimba hiyo studio. Fundi mitambo anavaa visikilizio, anakunja uso, anasema: "Mzee, chombo chako kina kelele." Anauchuja mvumo mpaka unakwisha, na anachobakiza ni mlio mkavu kama wa mwanasesere wa dukani. Ndugu zangu, ile haikuwa kasoro. Fundi wa ilimba aliutafuta mvumo ule, tena kwa kuhangaika na buibui!

Balaa la pili ni kinanda cha umeme. Anayetaka kuiweka ilimba katika wimbo wa kisasa humtaka mpigaji asogeze ndimi zake zilingane na kinanda. Lakini sauti za Kigogo, kama wachunguzi wa muziki walivyoeleza, zinafuata mfululizo wa asili, yaani zile sauti ambazo uzi mmoja wa upinde, au bomba moja linalopulizwa, hutoa wenyewe. Sauti ya saba katika mfululizo huo haimo katika kinanda; inaangukia kati ya kibao na kibao. Ukiilazimisha ihamie kwa jirani, wimbo mzima unapinda. Ajabu ni kwamba tarumbeta zile za Monteverdi zisizo na vali zilichota sauti zake katika mfululizo huo huo. Mgogo mwenye ndono yake na mpiga tarumbeta wa Mantua wangekuwa na la kuzungumza, na mwenye kinanda angebaki mlangoni.

Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alituachia mifano miwili ya kulinganisha. Chibite, iliyotoka mwaka 1996, inavisikilizisha vyombo vya kwao vilivyo. Assembly ya mwaka 2002, aliyoifanya pamoja na Mkanada Michael Brook, imechanganywa na gitaa na mitambo. Sina ugomvi na Assembly. Mzee alikuwa huru kujaribu atakacho. Lakini anayetaka kujua ilimba inasemaje ataanzia Chibite. Inasikitisha kidogo kwamba zote mbili zilitolewa na kampuni ya Uingereza.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, na Wagogo walikuwa miongoni mwa aliowarekodi. Kanda zake zimetunzwa Afrika Kusini. Mjukuu wa mpigaji aliyeko Mpwapwa au Kongwa akitaka kumsikia babu yake, itabidi aulize huko.

Kazi hii hata sisi tunaiweza, na haidai studio kubwa. Muheme ukiufungia chumbani unageuka kishindo tu, unataka uwanja. Inatosha vipaza sauti viwili vizuri na mtu mwenye subira asiyechuja kitu. Aandike jina la mpigaji, jina la aliyekitengeneza chombo, kijiji na tarehe, kwa sababu kuandika "ngoma ya Wagogo" peke yake ni sawa na kuandika "Wazungu" juu ya kazi ya Monteverdi. Na arekodi usiku au alfajiri, maana upepo wa mchana wa Dodoma huingia katika kipaza sauti bila kubisha hodi.