Tuhesabu Miti Itakayofika Novemba

Mvua za kwanza zimeshagusa wilaya ya Hanang, na wewe msikilizaji uliye kata ya Getanuwas bila shaka umeshaanza kuliangalia jembe. Kabla miche haijatoka kitaluni, naomba tuzungumze kidogo habari ya miti na kalenda.

Kitaifa, siku ya kupanda miti ni Aprili 1. Kila halmashauri nayo imewekewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nia ni njema, ila mvua haisomi waraka. Huku kwetu Hanang na Mbulu, sehemu kubwa ina msimu mmoja: mvua huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei. Mche unaopandwa Aprili unaonja maji wiki chache tu, kisha unakabidhiwa kiangazi, upepo, mchwa na mbuzi. Wa Desemba una miezi minne au zaidi ya kushusha mizizi. Kwa hiyo sherehe tuifanye Aprili kama ilivyopangwa, lakini mashimo tuyachimbe sasa.

Shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana linatosha. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande wa pili; wakati wa kufukia, ule wa juu, uliochanganywa na samadi iliyooza, utangulie kuingia kwenye mizizi. Usikimbilie kupanda kwa mvua ya siku moja. Chimba kidogo uone: kama chini bado ni vumbi, subiri. Na tafadhali, chana kiriba ukitoe kabla ya kupanda. Mche uliofukiwa na nailoni yake huzungusha mizizi humo humo, na jua la Agosti likija hauna pa kuchota maji. Mwisho, weka nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, maana mchwa hawahitaji kukaribishwa.

Hayo ni ya mkono mmoja. Yapo yanayotaka mikono mingi. Mavuno yakishatoka, mifugo huingia mashambani kula mabua, na hapo ndipo miti mingi hufia. Uzio wa miiba husaidia, lakini makubaliano husaidia zaidi. Nchi hii ya Wabarbaig na Wairaqw haijakosa mabaraza. Wazee wa Kibarbaig wamekaa vikao vya malisho na maji tangu zamani, na baraza la wanawake wao linajulikana kwa uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke heshima. Jamii yenye mabaraza ya namna hiyo haishindwi kukubaliana ni njia ipi ng'ombe wapite, ni eneo lipi lifungwe mpaka miti ipite kimo cha mbuzi, na anayevunja alipe nini.

Swali linalobaki ni tupande miti gani. Bustani ya mimea ya Amani, kule Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ili kujaribu mimea kutoka pande nyingi za dunia. Kati ya miti iliyopelekwa Usambara zama za ukoloni ni musizi, wa upande wa Ziwa Victoria. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu, na mti ule ukaingia msitu wa asili hadi kuwa tatizo kwa wahifadhi. Tusiuogope kila mti mgeni. Mgrivilea unatupa kuni na mbao. Ila mringaringa na mgunga inaijua ardhi yetu, na nyuki wanaijua miti hiyo.

Ndiyo maana napendekeza kila shule ya Getanuwas itenge kipande cha bustani ya miti ya asili. Kila mti uwe na kibao chenye majina matatu: la Kibarbaig, la Kiiraqw na la Kiswahili. Bibi na babu waalikwe kuwaeleza wanafunzi upi ni dawa, upi ni wa fito, upi haukatwi. Mbegu zikusanywe hapo hapo, zioteshwe Julai na Agosti, ili Desemba miche iwe tayari bila kusubiri gari kutoka mjini.

Sidai kwamba miti peke yake ingezuia maporomoko ya Desemba 3, 2023 yaliyoua makumi ya ndugu zetu Katesh na Gendabi; Mlima Hanang una mambo yake ya miamba na maji. Lakini udongo ulio na mizizi hukaa mahali pake kuliko ulio wazi.

Kwa viongozi wa vijiji na kata, ombi langu ni moja. Mkiandika taarifa ya miti iliyopandwa, acheni safu moja tupu. Rudini Novemba ijayo, mwone ipi ingali hai, ndipo muijaze. Na wewe msikilizaji, panda unayoweza kuilinda, hata kama ni mitano.